Namna ya kutengeneza aina yako ya nyanya inayohimili ukungu wa masika na yenye ladha, kwa mashamba ya Mbeya na Iringa

Nyanya ya masika ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mkulima wa Uyole, Rungwe au Ilula anapuliza dawa ya ukungu kila wiki, na mvua ikikaza anapuliza kila baada ya siku tatu au nne. Mbegu chotara za dukani zinazohimili zipo, ila lazima ununue upya kila msimu, na nyingi zimetengenezwa zistahimili safari kuliko zistahimili kuonjwa. Njia ya tatu ni kutengeneza aina yako mwenyewe. Haihitaji maabara. Inahitaji misimu sita au saba, kipande cha shamba, daftari, na moyo wa kung'oa mimea mingi uliyoihangaikia.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: sukari ya tunda hutengenezwa na majani. Mmea uliobaki vijiti baada ya ukungu hutoa nyanya zenye maji matupu, hata kama ukoo wake ni mtamu kiasi gani. Kwa hiyo ukinzani na ladha si kazi mbili. Unachuja kwanza kwa ugonjwa, kwenye mvua, bila dawa ya ukungu, kisha unaonja waliosalia. Anayeanza kwa kuonja huishia na nyanya tamu ya kiangazi ambayo haivuki Februari.

Mjue adui unayemtengenezea

Ukinzani hauwi wa magonjwa yote kwa jumla. Kila ugonjwa una jeni zake za kuuhimili, na mzazi anayehimili mmoja anaweza kufa na mwingine kwa siku tano.

Bakajani chelewa, ambao wengi wanauita ukungu tu, hutoa mabaka ya kijani-kahawia yanayoonekana kama jani limemwagiwa maji ya moto. Asubuhi yenye umande, geuza jani uone utando mweupe chini yake. Shina huwa na mabaka meusi, tunda hupata kovu gumu la kahawia. Hupenda ubaridi na majani kulowa muda mrefu, yaani hali yetu ya masika. Bakajani tangulia huanzia majani ya chini na doa lake lina duara ndani ya duara, kama ubao wa kulengea shabaha. Mkulima akichanganya hizi mbili, atachagua mmea usio na kosa wala sifa.

Kwa minyauko, kata shina karibu na ardhi na ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki safi lakini ndani ya shina kuna mistari ya kahawia, na majani yalianza njano upande mmoja, elekeza mashaka kwenye mnyauko fuzari. Majani madogo yaliyojikunja kwa juu na kingo za njano ni rasta, virusi vinavyoletwa na inzi weupe, na hiyo ni shida zaidi ya bonde lenye joto kama Usangu kuliko ya miinuko. Mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo.

Mwongozo huu unafuata bakajani chelewa kwa sababu ndio unaomaliza nyanya ya masika huku juu. Hatua ni zilezile kwa magonjwa mengine. Kinachobadilika ni namna ya kupima.

Kuchagua wazazi

Mama awe aina fupi unayoijua na inayouzika: Tanya, Rio Grande au Cal J. Zina ngozi ngumu, zinavumilia tenga na lori la kwenda Dar es Salaam, na zina faida nyingine kubwa ya kuwa fupi ambayo tutaiona kwenye F1, yaani kizazi cha kwanza cha mchanganyiko.

Baba awe aina ndefu, yenye ukinzani na ladha. Kuna mahali patatu pa kumtafuta. Pa kwanza ni dukani: soma mgongo wa pakiti, si picha. Herufi Pi humaanisha bakajani chelewa; V na F ni minyauko ya ukungu (vetisilia na fuzari); Rs ni mnyauko bakteria; TYLCV ni rasta; Ma, Mi, Mj, au N peke yake, ni minyoo fundo. HR ni ukinzani wa juu na IR ni wa kati. Jeni za bakajani chelewa zinazotajwa zaidi ni Ph-2 na Ph-3, zote zimetoka kwa nyanya pori ya Amerika Kusini yenye tunda dogo kama pilipili kichaa. Ph-3 ina nguvu kuliko Ph-2, na aina yenye zote mbili ni bora kuliko yenye moja, kwa sababu ukungu hubadilika na jeni moja ikivukwa unabaki mtupu. Ph-1 ya zamani haifai tena, usiihangaikie.

Pa pili ni World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, tawi la Arusha, wanaohifadhi na kugawa mbegu za kuzalishia zenye ukinzani unaojulikana. Pa tatu ni nyuma ya nyumba: vile vinyanya vidogo vinavyojiotea jalalani na kwenye kingo za migomba. Vingi ni vitamu sana na baadhi hubaki kijani masika yote bila dawa. Usivichukue kwa imani, vipime kwanza kama inavyoelezwa chini.

Tahadhari ya ukubwa. Ukichanganya tunda la gramu 100 na la gramu 15, mtoto hatakuwa wa katikati ya namba hizo. Zidisha uzito wa wazazi kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata kama gramu 39. Kwa hiyo ukitumia kinyanya, jiandae kurudisha chotara kwa mama yake mara moja zaidi, yaani kumchanganya naye tena, kabla ya kuendelea, vinginevyo utapata mmea mzuri ambao soko la Mwanjelwa litaupitia mbali.

Kwa ladha, tazama pia mabega ya tunda bichi. Tunda lenye mabega ya kijani kibichi kilichokolea hutengeneza sukari yake kidogo lenyewe. Aina nyingi za kisasa zimepoteza sifa hiyo kwa sababu wazalishaji walitaka tunda liive rangi moja. Mabega ya kijani ni sifa inayotawala, kwa hiyo mzazi mmoja akiwa nayo, F1 wote wataionyesha. Ubaya wake: kwenye jua kali bega linaweza kubaki njano na gumu. Kwenye ubaridi wetu si tatizo kubwa.

Kuchavusha kwa mkono

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kumwahi. Andaa kibanio chenye ncha kali, spiriti, nyuzi za rangi, kichupa kidogo na chujio la chai. Panda wazazi wote mapema, na mwenye kuchelewa kutoa maua mpande wiki mbili kabla. Fanya kazi hii Septemba hadi Novemba au Machi hadi Mei. Juni na Julai, usiku wa Mbeya ukishuka chini ya nyuzi 10, chavua huwa dhaifu na maua hudondoka. Utalaumu mkono wako bure.

Siku ya kwanza, alasiri: tafuta kwa mama ua litakalofunguka kesho au keshokutwa. Petali zimechungulia, rangi yake ni njano iliyopauka yenye ukijani, na bado zimefumba nusu. Likiwa njano ya kung'aa na limefunguka umechelewa, liondoe. Shika ua kwa vidole, pasua koni ya chavua kwa ncha ya kibanio ukianzia ubavuni karibu na chini, na uitoe kipande kwa kipande bila kugusa kijiti cha kijani kilichomo ndani. Kijiti hicho kikikatika, ua limekufa. Kata sepali mbili kati ya tano. Ndiyo alama isiyofutika na mvua, kwa sababu hata tunda likikomaa litakuwa na sepali tatu. Funga uzi kwenye kikonyo. Shughulikia maua mawili au matatu tu kwa kila shada na nyofoa mengine, ili yasigombanie chakula.

Siku hiyohiyo chuma maua yaliyofunguka ya baba, toa koni zake, ziweke kwenye bahasha ya karatasi sehemu kavu yenye joto la kawaida hadi kesho. Usizianike juani. Kesho yake tikisa juu ya chujio, na unga wa rangi ya maziwa utaanguka kwenye kichupa. Kama hakuna unga, maua yalikuwa machanga au yalilowa.

Siku ya pili, saa tatu hadi saa tano asubuhi umande ukishakauka: petali za mama sasa ni njano kamili. Chovya ncha ya kijiti kwenye unga mpaka iwe na kofia nyeupe. Rudia siku ya tatu. Pangusa kibanio kwa spiriti kila unapobadilisha baba. Kwenye daftari na kwenye lebo andika mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika na mvua moja, na mchanganyiko usio na jina ni takataka.

Ovari ikivimba ndani ya siku saba, umefaulu. Anayeanza hupata kama matunda matatu kati ya maua kumi, na hayo yanatosha. Tunda huiva baada ya siku 45 hadi 60, na linaweza kuwa na mbegu chache kuliko kawaida.

F1: kung'amua waongo

Hapa ndipo ufupi wa mama unalipa. Ufupi ni sifa inayofichwa na urefu. Mama mfupi akipata chavua ya baba mrefu, watoto wote ni warefu. Mche wowote mfupi kwenye F1 ni wa ua uliojichavusha kabla hujalifikia: ng'oa. Mmea mrefu huweka majani matatu kati ya shada na shada na kuendelea kukua. Mfupi huweka jani moja au mawili, kisha ncha huishia kwenye shada la maua.

Kama baba ni aina iliyotulia, ambayo watoto wake hufanana naye, miche mitano ya F1 inatosha kwa sababu inafanana. Kama baba ni chotara wa dukani, panda 20, kwani chotara mwenyewe anaweza kuwa amebeba jeni ya ukinzani upande mmoja tu, yaani kutoka kwa mzazi wake mmoja, na nusu ya watoto wake hawataipata. Wapime kama ilivyo hapa chini, bakiza wanaohimili, na toa mbegu kwao pekee. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa F2 nzima, yaani watoto wa F1 aliyejichavusha, ikiungua.

F2: kuchuja kwa ugonjwa

F2 ndipo sifa za wazazi zinapotawanyika, na ndipo wingi unapohesabika. Panda mbegu 400, yaani trei mbili za mashimo 200, kati ya katikati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari. Hesabu ni hii, kwa jeni moja ya ukinzani: robo hubeba ukinzani pande zote mbili, kama 100. Kati ya hao, robo ni wafupi, kama 25. Hao 25 ndio watakaoshindana kwa ladha. Ukianza na mbegu 40, wanabaki wawili au watatu, na hapo huchagui tena, unapokea.

Katikati ya trei weka mstari wa miche ya aina inayokufa haraka, kwa mfano Moneymaker. Hii ndiyo mizani yako. Ikibaki kijani, jaribio halijafanyika, hata kama miche yako yote inapendeza.

Miche ikifikisha majani matano au sita:

1. Asubuhi chuma majani 20 hadi 30 yenye utando mweupe mbichi kutoka kwenye nyanya inayougua shambani kwako. Usichukue kwenye viazi vya jirani: ukungu ni wa jina moja, lakini ule uliozoea viazi mara nyingi ni dhaifu kwenye nyanya, nao utakupa washindi wa uongo.
2. Suuza majani kwenye lita 1 ya maji baridi ya mvua au ya kisima. Maji ya bomba yenye klorini huua vimelea. Chuja kwa kitambaa.
3. Weka maji hayo mahali pa baridi, nyuzi 10 hadi 12, kwa saa moja au mbili. Ubaridi huamsha vimelea wanaoogelea.
4. Jioni, nyunyizia miche juu na chini ya majani hadi ilowe bila kudondosha. Tumia bomba lisilowahi kubeba dawa ya ukungu.
5. Funika kwa nailoni usiku kucha na kesho yake hadi jioni, kivulini, majani yabaki na maji.
6. Dalili huanza siku ya nne au ya tano. Siku ya saba toa alama kwa kila mche: 0 hakuna doa, 1 vidoa vidogo kama ncha ya sindano visivyotanuka, 2 mabaka machache makavu, 3 nusu ya majani, 4 karibu majani yote na shina, 5 umekufa.

Bakiza 0 na 1, hata wakipungua 100. Alama 2 mara nyingi ni wenye jeni upande mmoja. Wabakize tu ukikosa wa kutosha. Fanya zoezi hili kipindi ambacho ukungu umeshaenea mtaani, choma miche iliyokufa, na usisafirishe majani yenye ugonjwa kwenda wilaya nyingine.

Pandikiza waliosalia kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 75. Miche 100 inakaa kwenye mita za mraba 45. Weka samadi na mbolea kama kawaida, lakini usizidishe naitrojeni, maana majani mengi laini huvuruga alama na kupunguza utamu. Dawa ya wadudu ruhusu, hasa kwa kantangaze, ambaye vijia vyake kwenye jani visikuchanganye na baka: inua jani kwenye mwanga, utaona handaki na kinyesi cheusi ndani. Dawa ya ukungu usiguse. Mmea uliofaulu uchanga ukafa wakati wa kuzaa nao umeshindwa, na baadhi watashindwa hivyo.

Kuonja bila kujidanganya

Chuma matunda matatu mpaka matano kwa kila mmea, yaliyoiva kabisa mtini, ya shada la pili au la tatu, siku moja, na si siku baada ya mvua kubwa. Mvua hujaza maji, na mmea ulioonjwa Jumatatu kavu utamshinda kwa uonevu ulioonjwa Jumanne yenye mvua. Usiyaweke kwenye friji. Chini ya nyuzi 12 harufu hupotea, na harufu ni zaidi ya nusu ya ladha.

Kipima sukari cha matone mawili ya juisi kinasaidia. Nyanya za kawaida za soko husoma 4 hadi 5. Tunda la gramu 60 hadi 80 linalosoma 6 kwenye masika ni la kushikilia. Ukubwa na sukari huvutana, usitegemee gramu 120 na sukari 8. Lakini namba si ladha: sukari bila uchachu ni uji, uchachu bila sukari ni siki. Waite watu wanne au watano, kata vipande vilivyofichwa majina, si zaidi ya minane kwa mkao mmoja, na maji ya kusukutua kati yake. Weka mama yako wa Tanya kati ya vipande bila kusema. Anayempa mama alama ya juu kuliko wote, mshukuru kwa kuja.

Kisha acha matunda kumi ya kila mmea juu ya rafu siku kumi. Yanayolegea na kupasuka hayatafika Dar es Salaam, ila kwa bustani ya nyumbani hayana kosa.

F3 hadi F6

Chagua mimea 10 hadi 12 bora ya F2. Mbegu za kila mmoja zikae peke yake. Kuanzia sasa ni familia. Kila familia panda miche 16, pima ukungu tena. Familia ambayo miche yote 16 inahimili ina jeni pande zote. Yenye kufa wanne hivi bado inatawanyika. Ndani ya familia nzuri chagua mmea mmoja au miwili kwa ladha, urudie. Kufikia F6, takriban asilimia 97 ya tofauti za ndani zimetulia, na shamba litaonekana la aina moja.

Vizazi viwili kwa mwaka vinawezekana: kimoja masika kwa kuchuja, kimoja kiangazi kwa kuzidisha mbegu. Kwa kuwa Julai ni baridi mno juu, wenye ndugu Mbarali au bonde la Ruaha hupanda kizazi cha kiangazi huko, na hupata nafasi ya kuona rasta na mnyauko bakteria bila gharama. Kama unalenga minyoo fundo pia, kumbuka jeni yake inayoitwa Mi hulegea udongo ukizidi nyuzi 28.

Kutoa mbegu

Kamua matunda yaliyoiva kupita kiasi kwenye kikombe, bila kuongeza maji, kiache siku 2 hadi 3, kwenye baridi hata 4. Utando ukitanda juu na ute ukaachia, osha. Mbegu nzuri huzama. Ukizidisha siku, zitachipua humohumo. Kama kuna shaka ya bakteria, chovya mbegu kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, ukitumia kipimajoto, si kidole. Kausha kivulini kwenye sahani au neti, si kwenye karatasi zinakong'ang'ania. Hifadhi kwenye chupa ya kioo pamoja na mchele uliokaangwa na kupoa, ili unyevu uishie huko.

Mbegu ya shambani kwako ni yako kupanda. Kuiuza kama mbegu ni jambo jingine: chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, aina lazima isajiliwe na mbegu ithibitishwe na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Ukifika F6 na majirani wameanza kuomba, peleka daftari lako TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa ushauri wa majaribio ya usajili, na baki na nusu ya mbegu za kila kizazi kwenye chupa, kuanzia F1, kwa siku utakayotaka kurudi nyuma.